Buick Roadmaster Estate ya 1995: sebule yenye injini ya Corvette

Wakuu, nina mwaka na nusu naendesha hili dude, station wagon (gari refu la familia) la Kimarekani, hapa Texas na siku ya kwanza nimelipaki nje ya nyumba shemeji yangu alishuka kwenye gari lake akauliza "msiba wa nani?" Simlaumu, ni refu mita tano na nusu, lina mbao ubavuni, na kwa mbali kweli unaweza kudhani limebeba jeneza. Hizo mbao zenyewe siyo mbao, ni stika ya plastiki, na jua la huku limeshaibandua upande wa dereva.

Sasa fungua boneti. Mle ndani kuna injini inayoitwa LT1, V8 ya lita 5.7, ndugu yake ile ya Corvette (gari la michezo la Chevrolet) ya miaka hiyo, ila huku waliweka silinda hedi za chuma badala ya aluminiamu na wakaishusha kutoka farasi 300 mpaka 260. Ukisikia 260 leo unaona kawaida, lakini utamu wake uko chini, yaani unagusa tu mafuta limeshaondoka, halina kelele, kiti kinakusukuma mgongoni basi. Gari la tani mbili linafika kilomita mia kwa saa kwa kama sekunde nane, mimi, mama watoto, watoto wanne na ndoo ya wali wa sherehe, na vijana wenye magari ya chini chini kwenye taa wanabaki wanaangaliana.

Angalizo hapo, Roadmaster za kizazi hiki zilianza 1991 ila LT1 imekuja 1994 hadi 1996 zilipokwisha. Ukiuziwa ya 1993 ukaambiwa "nayo ni 5.7" ni kweli lakini ile ina farasi 180, usilipe bei ya hii. Ukipata yenye pakeji ya kuvutia trela ndiyo bora zaidi, gia za difu yake (kule kwenye ekseli ya nyuma) ni fupi kidogo, uwiano wa 2.93, kwa hiyo inachomoka vizuri kuliko zile za 2.56.

Siti ya nyuma kabisa inaangalia nyuma, na hapo ndipo ugomvi wa kwangu unapoanzia kila Jumapili, wote wanataka kukaa kule wawapungie watu mkono. Jumla mnakaa wanane. Juu ya siti ya katikati kuna kioo kwenye paa, usiku ukiwa barabara ya mashambani mtoto anahesabu nyota. Mlango wa nyuma unafunguka kwa kando kama mlango wa kawaida au unalala chini kama wa pikapu, ila lazima unyanyue kioo kwanza, mimi nimesahau mara ngapi sijui.

Kwenye kona usijifanye. Springi ni laini, linayumba kama mashua ya Kivukoni, breki zinatosha kwa mtu mwenye akili zake. Mafuta mjini napata kama kilomita sita kwa lita, safari ndefu tisa mpaka kumi, na kusema ukweli safari ndefu ndiyo kazi yake, nimetoka Dallas mpaka Houston mgongo haujasema kitu.

Ugonjwa wake mkubwa ni distribyuta, kile kifaa cha kugawa moto kwenye plagi, wenyewe wanaiita Optispark, wameiweka mbele ya injini chini kabisa ya wota pampu, sasa fikiria mwenyewe pampu ikianza kuvuja maji yanaenda wapi. Mimi pampu ilikuwa inalia kidogo tu, nikampelekea fundi mmoja wa mtaani, bwana yule akaichomoa bila kumwaga maji ya rejeta wala kufunika chochote, kesho yake gari linakohoa kama mgonjwa wa pumu. Nikanunua pampu mpya na distribyuta mpya kwa mpigo, na kufika pale ni nusu ya kazi. Ukienda kukagua ya kununua, piga tochi chini ya pampu kabla hujasikiliza stori ya muuzaji.

Spea za injini hazisumbui kwa sababu Chevrolet Caprice za polisi za miaka ileile zilitumia LT1 hiyohiyo, zimejaa makaburi ya magari. Shida ni vitu vya mwilini: taa za nyuma, ile mipira ya vioo, plastiki za ndani. Mimi nasaka kishikio cha siti ya tatu miezi minne sasa, kwa hiyo mwenye nalo bovu hapa Texas na anataka kulichinja, anishtue.