Tathmini: Platskart, daraja la wazi la treni kutoka Moscow hadi Ulan-Ude

Msafiri anayetaka kuvuka Siberia kwa reli hushauriwa mara nyingi achukue chumba cha watu wanne chenye mlango wa kufunga. Mimi nilichagua platskart, yaani behewa la wazi lenye vitanda 54 na lisilo na mlango wowote kati ya abiria, na ningelichagua tena, ingawa kwa masharti.

Sharti kubwa ni namba ya kitanda. Namba witiri ni za chini na namba shufwa ni za juu. 37 hadi 54 zimepangwa ubavuni mwa njia ya kupitia, ambako kitanda cha chini hukunjwa mchana kikawa meza na viti viwili, na mtu mrefu hulala amekunja magoti. Namba 35 hadi 38 ziepukwe kabisa, kwa kuwa ziko jirani na choo, na mlango wake haupumziki usiku. Katika mabehewa ya zamani hakuna bafu, na choo hufungwa treni inapokaribia vituo vikubwa, hivyo ratiba ya vituo iliyobandikwa ukutani husomwa kwa makini kuliko gazeti.

Huduma yenyewe hainipi neno. Mhudumu wa behewa hugawa mashuka yaliyofungwa kwenye mfuko, humwamsha kila abiria kabla ya kituo chake, na hulinda birika kubwa la maji ya moto ambalo halizimwi na halilipiwi. Kwake pia hununuliwa chai ya rangi, inayoletwa katika glasi iliyovishwa kishikio cha chuma chenye nakshi. Kishikio hicho si pambo tu, kwani glasi haina mkono wa kushikia, na uzito wake huizuia isiyumbe treni inapotikisika.

Dakika chache baada ya treni kuondoka, takriban kila mtu amekwisha kuvaa suruali ya michezo na kandambili, na mezani pamejaa matango, mkate mweusi, kuku wa kuoka na tambi za kumwagia maji. Mama mmoja wa makamo aliyepandia Omsk alinimenyea yai na kunisogezea chumvi iliyofungwa kwenye karatasi kabla hatujasalimiana vizuri. Jambo hili halipatikani nyuma ya mlango uliofungwa, na ndilo ninaloliona lina thamani kuliko nafuu ya nauli, ilimradi mgeni naye apande na cha kuchangia.

Kuhusu mandhari, niseme wazi kwamba siku nzima za misitu ya taiga na miti ya birch yenye gamba jeupe huchosha. Subira hulipwa baada ya Irkutsk, reli inapoambaa na ufuo wa kusini wa Ziwa Baikal, lenye kina cha mita 1,642, ambalo ndilo pekee linalolishinda Tanganyika kwa kina duniani, na ambamo huishi nerpa, sili asiyeijua bahari. Anayeelekea mashariki akae upande wa kushoto. Asiye na siku za kutosha anaweza kukata tiketi ya kipande cha Irkutsk hadi Ulan-Ude tu, ambacho huchukua takriban saa saba, mradi achague treni inayopita hapo mchana.