Uzoefu wangu na kipimo cha kujipima VVU kinacholetwa mtaani kwetu Katwe

Nimekitumia mimi, baba watoto amekitumia, na wenzangu kadhaa wa saluni pia. Kipimo chenyewe ninakisifu, lakini anayekileta ninamsifu zaidi. Wengi huniuliza habari za kijiti tu, kama kinauma, kama kinasema kweli, na nitajibu. Ila sisi Wakongomani wa hapa tulipimwa kwa sababu alikuja mtu tunayemwelewa.

Mimi ni msusi, Katwe, upande wa Makindye hapa Kampala. Tangu tufike kutoka Bukavu, mafunzo ya afya tuliyoyasikia yalikuwa kwa Kiganda au Kiingereza. Gari la spika linapita likitangaza upimaji wa bure, na sisi mikono iko kwenye nywele za mteja, tangazo linapita na gari lake. Hakuna aliyetuzuia. Uganda mkimbizi hutibiwa bure kwenye kituo cha serikali kama mwenyeji. Lakini mama atakwenda vipi kukaa mbele ya muuguzi, na anayemtafsiria maswali ya kitandani ni mwanawe wa darasa la sita? Wengi tulichagua kunyamaza.

Wenyeji wamelizungumza jambo hili muda mrefu. TASO, shirika la kusaidia wenye VVU, lilianzishwa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, na mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani akasema ana UKIMWI, akapita shuleni na makanisani akieleza mpaka karibu na kifo chake Desemba mwaka huo. Mazungumzo hayo yote yalifanyika kabla hatujafika, na hakuna aliyeturudishia.

Kisha akaja mama wa makamo, naye mtu wa Kivu kama sisi, amefunzwa kuwa VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea anayeishi na watu anaowahudumia. Alikuja saluni saa za mchana wateja wakiwa wachache, akakaa kwenye benchi, akasalimia kila mtu na kuuliza habari za watoto. Hakuanza na ugonjwa. Alipofungua mfuko wake alituonyesha kipimo, akakieleza kwa Kiswahili chetu, na aliyetaka alimfuata pembeni mmoja mmoja. Hakuandika jina la mtu mbele ya mwingine. Kwangu hilo lilikuwa kubwa, maana hapa kila mtu anajua mwenzake amenunua nini sokoni.

Ndani ya pakiti kuna kijiti bapa chenye pedi laini mwishoni, kichupa chenye maji ya dawa, kisimamio chake, na karatasi ya maelezo yenye picha. Unakaa dakika 15 bila kula wala kunywa, na kama umepiga mswaki, dakika 30. Unapitisha pedi mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye wa chini, unaitumbukiza kichupani, unasubiri dakika 20. Zikipita 40 usisome tena. Mstari mmoja penye herufi C, VVU havikuonekana. Mistari miwili, C na T, unatakiwa kwenda kituoni ukathibitishwe kwa vipimo vya damu, kwa sababu kijiti peke yake hakimpi mtu jibu la mwisho. Penye C pakikosa mstari, kipimo kimeharibika, omba kingine. Hakiumi hata kidogo.

Kuna jirani aliyeogopa sana: kama mdomo unaonyesha VVU, basi tunaambukizana kwa kunywa kikombe kimoja? Mama VHT alimjibu kwa subira. Pedi haitafuti kirusi, inatafuta kingamwili, askari wa mwili, na hao hupatikana kwenye majimaji ya ufizi. Mate hayaambukizi. Nilifurahi swali hilo liliulizwa mbele yetu, kwa maana nililibeba moyoni muda mrefu na sikuwa na wa kumuuliza.

Cha baba watoto kilinipa kazi. Anabeba mizigo soko la Owino, anatoka alfajiri na kurudi usiku, hivyo saa za kituo ni saa zake za kutafuta riziki. Nilipewa kipimo cha pili nimpelekee, lakini kwanza Mama VHT aliniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani na kama nimewahi kupigwa. Alisema kama naogopa, nisikibebe, atatafuta njia nyingine. Akanifundisha nisianze na lawama, niseme tumepewa viwili na mimi nimeshapima. Nilifanya hivyo watoto wakiwa wamelala. Baba watoto alinyamaza kwanza, kisha akaniambia nisome maelezo, akafanya mwenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta asilimia 6.2 ya watu wa miaka 15 hadi 64 nchini wanaishi na VVU, wanawake 7.6 na wanaume 4.7. Pamoja na hayo, wanaume ndio wanaochelewa kujua hali zao, kwa hiyo kipimo kinachoingia chumbani kwao saa tatu usiku kina maana.

Ninayemkumbuka zaidi ni mwenzetu mmoja, na ameniruhusu kuandika haya bila jina. Aliona mistari miwili. Alimpigia Mama VHT, si mumewe wala mchungaji, na ndani ya muda mfupi mama yule alikuwa amekaa naye sakafuni. Asubuhi walikwenda pamoja kituoni, akathibitishwa, akaanza dawa siku ileile, kwa kuwa utaratibu wa Uganda ni kumwanzishia dawa kila anayekutwa na VVU bila kungoja augue. Mama VHT ndiye aliyetafsiri, na hakuna mtoto aliyeitwa chumbani. Leo virusi vyake havionekani kwenye kipimo cha damu, na mtu akidumu katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Anasuka, anacheka, analea. Kama angepewa kijiti na mtu anayepita njia, sijui nani angepokea simu ile usiku ule.

Yapo yaliyonikera. Karatasi niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, na picha hazitoshi kwa mtu ambaye mkono unamtetemeka. Namba ya simu ya ushauri niliyoonyeshwa haikupokelewa na mtu wa Kiswahili. Kubwa kuliko yote, mwaka 2025 fedha za nje ziliposimama, vipimo vilikatika mtaani kwa muda, na Mama VHT alikuja mikono mitupu. Aliendelea kuja, akitembea kwa miguu. Mtu anayebeba siri na machozi ya mtaa mzima hastahili kufanya kazi bila hata nauli ya bodaboda, na wanaopanga bajeti za afya ya mji huu ninawaomba waanze na watu kama yeye.

Kipimo hiki nakipa nyota nne kati ya tano. Tahadhari zake ni za kweli. Anayemeza ARV tayari asikitumie, kinaweza kumdanganya kuwa hana VVU. Aliyekuwa hatarini karibuni arudie baada ya miezi 3, kwani kingamwili hazijitokezi mara moja. Hakipimi kaswende wala mimba. Na dada uliyebakwa, au aliyepasukiwa kondomu jana, kijiti hiki si chako leo. Nenda kituoni mara moja, kwani dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini, hazina faida zikianza baada ya saa 72. Wanaofanya kazi za usiku Kabalagala, au wenye mwenza wanayemhofia, waulize pia habari za PrEP, kidonge cha kukinga ambacho Uganda ilianza kukitoa 2017. Kabla ya kuanza lazima upimwe kwanza.

Ukiwa Kampala na hujui VHT wa eneo lako, muulize mwenyekiti wa LC1, yaani kiongozi wa serikali ya mtaa. Mwambie wazi unataka anayesema Kiswahili. Akikosekana mtaani kwako, ulizia mtaa wa jirani, hakuna sheria inayokufunga kwa VHT mmoja.