Vitabu vitatu vya besiboli na siku moja Cooperstown: uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa mpira wa miguu. Nimezaliwa Tanga, nimekulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga, na nilipohamia Utica, jimbo la New York, besiboli niliiona ni watu waliosimama uwanjani wakisubiri mvua. Kilichonigeuza ni kazi. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na mzee wangu mmoja, aliyevuka tisini, hapati usingizi mpaka saa nane. Ananisimulia timu zilizokufa kabla baba yangu hajazaliwa. Usiku mmoja akaniuliza, "Binti, unakaa mwendo wa saa moja kutoka Cooperstown, na hujafika hata mara moja?" Alivyouliza, ungedhani nimekaa Makka nisihiji.

Cooperstown ndiko uliko Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli, ambako wachezaji bora wa Marekani wanawekewa bamba la shaba lenye sura zao. Kiingilio kina bei yake na petroli ina bei yake, nikaona nianze na vitabu, nisije nikaenda kukodolea macho sura nisizozijua. Nimemaliza vitatu. Vyote ni vya Kiingereza. Cha Kiswahili juu ya mambo haya sijabahatika kukiona.

Cha kwanza ni The Glory of Their Times cha Lawrence Ritter, kilichotoka 1966. Ritter alikuwa profesa wa uchumi, si mwandishi wa michezo. Mwaka 1961 alipofariki Ty Cobb, mmoja wa wapigaji wakubwa kuliko wote, Ritter akaona wale waliocheza mwanzoni mwa karne ya 20 wanakwisha na maneno yao wanaondoka nayo. Akabeba kinasa sauti, akawatafuta mmoja mmoja Marekani nzima. Alitembea maili 75,000. Kitabu ni wazee wenyewe wanaongea, kila mmoja na sura yake, na Ritter amejiondoa kabisa katikati. Sijui ameliwezaje hilo, maana mimi nikimsikiliza mzee wangu dakika tano tu nishaingilia.

Kisa nilichokirudia mara tatu ni cha kumtafuta Sam Crawford. Huyu anashikilia rekodi ya kupiga mpira na kufika kituo cha tatu, kati ya vinne vya kuzunguka uwanja, kwa mkupuo mmoja, mara 309, na ukijua inavyotaka mbio utaelewa kwa nini haijavunjwa. Ritter aliambiwa tu kwamba Crawford anaishi mahali fulani kaskazini ya Los Angeles, maili mia na ushee huko. Akafika mji mdogo unaoitwa Baywood Park, akauliza watu siku nzima, hakuna anayemjua. Kesho yake akaenda kufua nguo zake kwenye duka la mashine za kufulia, akakaa karibu na mzee mrefu anayesoma kitabu kilichochakaa. Kwa kukata tamaa akamuuliza kama amewahi kumsikia Sam Crawford, mchezaji wa zamani. Mzee akamjibu kwamba anatumaini anamfahamu, maana ndiye yeye.

Kuanzia hapo Crawford anafunguka: alikuwa anajifunza unyozi kijijini Wahoo, Nebraska, wakapanda vijana kwenye gari la kukokotwa na farasi, wakazunguka mji hadi mji wakitafuta wa kucheza naye. Nilipokuwa nasoma hapo nilijikuta nawaza wazee wa kwetu wanaomtaja Sunday Manara, yule "Kompyuta", na wale wa Kenya wanaoiga "Kadenge na mpira" kama redio bado iko hewani. Nani aliwafuata na kinasa sauti?

Ushauri wa bure: kama unaweza, tafuta toleo la kusikiliza. Lina sauti halisi za wazee kutoka kwenye kanda za Ritter, si waigizaji. Nilimwekea mzee wangu kwenye simu, sauti ya chini ili wenzake wasiamke, akafumba macho. Nikadhani amelala. Kumbe anatikisa kichwa kupinga.

Na alikuwa na haki ya kupinga. Udhaifu wa kitabu ni kwamba wazee wanapiga chumvi, na Ritter kawaachia. Mfano ni Rube Marquard, mrushaji (yule anayemtupia mpigaji mpira) aliyeshinda michezo 19 mfululizo mwaka 1912. Humo anasimulia alivyotoroka nyumbani akiwa na miaka 16, akadandia treni za mizigo mpaka Iowa kutafuta timu kwa sababu baba yake hakutaka asikie habari ya besiboli. Ni hadithi tamu, ukifika mwisho wake baba anapokuja kumtazama mwanawe koo linakukaba. Watafiti waliofukua kumbukumbu baadaye wamekuta mengi hayalingani, mpaka umri wake. Mwaka 1971, miaka mitano baada ya kitabu kutoka, Marquard akaingizwa Ukumbini. Katika maisha yake alishinda michezo 201 na kupoteza 177, hesabu ambayo kwa mrushaji wa Ukumbini ni ya kawaida sana, na wengi wanaamini kilichomvusha ni ule ulimi wake mbele ya kinasa sauti. Nami naungana nao.

Hapo ndipo nilipotaka kujua: hivi anayeamua ni nani? Swali hilo likanipeleka kwenye kitabu cha pili.

Ni cha Bill James. Kilitoka 1994 kwa jina The Politics of Glory, kikatolewa tena kwa jina Whatever Happened to the Hall of Fame?, kwa hiyo usije ukanunua viwili ukidhani ni tofauti. James alianza kuandika hesabu zake za besiboli akiwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharage ya makopo huko Kansas. Sisi wa zamu za usiku tunamheshimu kwa hilo peke yake.

Utaratibu wenyewe, kwa kifupi: mchezaji awe amecheza misimu 10, awe amestaafu miaka mitano, halafu waandishi wa besiboli wanapiga kura, na lazima apate asilimia 75. Anayekosa kwa waandishi ana mlango wa pili, kamati ya kuwatazama wazee waliosahauliwa. James anaonyesha kilichopita kwenye mlango huo wa pili, na humo ndimo kitabu kinapowaka moto. Frankie Frisch, nyota wa zamani wa Giants ya New York na Cardinals ya St. Louis, aliingia kwenye kamati mwaka 1967. Baadaye akaja Bill Terry, naye wa Giants. Tazama sasa walioingia kuanzia 1970: Jesse Haines, Chick Hafey, Dave Bancroft, Ross Youngs, George Kelly, Jim Bottomley, Freddie Lindstrom. Wote ni wa Giants au Cardinals, wote wamevaa jezi moja na mabwana hawa. Kwetu tuna neno fupi la jambo hili, kujuana, wala halihitaji kurasa 400. Lakini James anazitumia kurasa hizo vizuri, maana hatukani mtu. Anakuwekea takwimu za George Kelly kando ya za watu waliokataliwa, anakuacha utukane mwenyewe.

Kitu nilichokichukua humo na ninachokitumia hata kwenye ubishi wa mpira wetu ni onyo lake juu ya hoja ya "kama fulani yumo, kwa nini huyu asiwemo". Ukishamwingiza mmoja dhaifu, kila aliyemzidi kidogo ana kesi, na waliomzidi ni mamia. Badala yake ana orodha ya maswali 15 ya kujiuliza juu ya mchezaji: aliwahi kuwa bora kuliko wote wa nafasi yake? Alikuwa bora hata kwenye timu yake mwenyewe? Jaribu maswali hayo kwa mshambuliaji unayempenda, uone utakavyonyamaza.

Ila si kitabu cha kuanzia. Zipo sura nzima za wachezaji Don Drysdale na Phil Rizzuto ambazo bila kujua maana ya takwimu utakuwa unasoma kitabu cha simu. Mimi nilikwama wiki mbili. Hata neno gongo, yaani ile fimbo ya kupigia mpira, lilinichekesha muda mrefu, maana kwetu gongo linanywewa.

Cha tatu ndicho ningekiokoa nyumba ikiungua. Only the Ball Was White cha Robert Peterson, 1970. Kichwa kinasema yote: ni historia ya wachezaji weusi waliofungiwa nje ya ligi kubwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 mpaka Jackie Robinson alipoingia uwanjani tarehe 15 Aprili 1947. Nusu ya kwanza ni masimulizi, kuanzia Moses Fleetwood Walker aliyecheza Toledo mwaka 1884 kabla mlango haujafungwa. Nusu ya pili ni misimamo ya ligi na orodha ndefu ya majina, jina baada ya jina, timu baada ya timu, aliyoikusanya kwenye magazeti ya zamani ya watu weusi. Mwanzoni niliiruka orodha ile. Siku hizi ndiyo ninayoifungua. Kwa wengi wao ule mstari mmoja ulikuwa ndio bamba lao pekee.

Nakala niliyonunua ni ya mkono wa pili, kwa bei ndogo kuliko chakula cha mchana, na ilifika gundi imekauka, kurasa zimeachia kama majani ya mchungwa. Muuzaji simtaji, nilimwandikia mara mbili, kimya. Nimeifunga kwa gundi ya viatu.

Wakati Peterson anaandika, hakuna hata mmoja aliyeingia Ukumbini kwa kazi yake kwenye ligi za weusi. Mwaka mmoja baadaye akaingia Satchel Paige, mrushaji ambaye ligi kubwa zilimpokea 1948 akiwa na miaka 42. Na hata hapo wenye Ukumbi walitangaza kwanza kumweka kwenye sehemu ya pembeni, ya wachezaji weusi peke yao; kelele zilipozidi wakaachana na mpango huo. Josh Gibson akafuata 1972. Yeye alikuwa amekufa Januari 1947 na miaka 35, miezi mitatu kabla ya siku ya Robinson. Mwaka 2024 takwimu za ligi za weusi zilipounganishwa na za ligi kubwa, wastani wa upigaji wa Gibson, .372 (yaani kwa kila zamu 1,000 za kupiga, 372 zilifanikiwa), ukampita Ty Cobb.

Baada ya vitatu hivyo nikaenda. Mji ni mdogo, ziwa upande mmoja, barabara kuu imejaa maduka ya magongo na kofia. Usiamini utakapoambiwa besiboli ilibuniwa hapo na Abner Doubleday mwaka 1839. Mwaka huo Doubleday alikuwa chuo cha kijeshi West Point, na ushahidi wote ulitoka kwa mzee mmoja aliyekuwa na miaka mitano wakati huo. Sababu ya kweli ya Ukumbi kuwa Cooperstown niliikuta kwenye maelezo ukutani, na ilinisimamisha. Aliyeuanzisha, Stephen Clark, alikuwa mjukuu wa mwanasheria aliyeshirikiana na Singer. Singer wa vyerehani! Bibi yangu alikuwa na Singer ya kukanyaga, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mkono unapopita, na alitusomeshea mama na wajomba kwa kushona sare za shule barazani. Nimesimama jimbo la New York mbele ya historia ya besiboli, nasikia harufu ya mafuta ya cherehani.

Chumba cha mabamba ni kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Mwisho kabisa wapo wachezaji watano wa kwanza kuchaguliwa, wa 1936: Cobb, Babe Ruth, Wagner, Mathewson, Johnson. Nilimtafuta Marquard nikamcheka kidogo, nikamtafuta Gibson nikakaa naye muda.

Aliyenigusa ni Buck O'Neil, mchezaji na kocha wa Kansas City Monarchs. Mwaka 2006 kamati maalumu iliwaingiza watu 17 wa besiboli ya weusi kwa mpigo, yeye akaachwa. Alikuwa na miaka 94. Akakubali kuja kuwazungumzia wale 17, ambao wote walikuwa wameshakufa, akawaimbisha watu wimbo wameshikana mikono, na Oktoba hiyo hiyo akafariki. Ukumbi ukamwekea sanamu 2008. Bamba likaja 2022. Miaka 14 mtu amesimama ndani ya nyumba ambayo hajakaribishwa.

Kama una pesa ya kitabu kimoja tu, nunua cha Peterson, kipya, si kama changu. Kama unataka kucheka na kulia, Ritter. James kiazime.

Nilimpigia mzee wangu picha ya bamba la Babe Ruth, nikamwonyesha usiku ule ule. Aliitazama, akanirudishia simu. Mwaka 1936 wapiga kura walikuwa 226, Ruth alipata 215. "Kumi na mmoja," akasema. "Kumi na mmoja walimnyima." Wote wamekufa na yeye wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa, lakini mpaka saa nane tulikuwa bado tunawatafuta. Kitabu cha Ritter nimemwachia kwenye meza ya kitanda, kwa hiyo atakayetaka kuazima kwangu hicho asubiri.