Nimelipa elfu kumi na tano kuambiwa nile salmoni, hapa hapa Kigoma

Jamani, ni wiki kadhaa sasa na bado nina hasira.

Nilikwenda zahanati moja ya binafsi hapa mjini, kisogo kinanigonga. Daktari ni kijana wa rika la mwanangu wa tatu. Shikamoo hakunipa, sawa, dunia imebadilika. Presha ikasoma 156 kwa 98. Akasema dawa tuziache kwanza, tujaribu chakula, kwani nakula nini? Nikaanza: ugali wa muhogo, migebuka, kisamvu cha mawese... Hata kwenye dagaa sijafika, akanikata. "Mama, mwili wote huo unaubeba wa nini? Fanya mazoezi."

Mlango wazi! Benchi zima limesikia, na wawili pale ni wateja wangu.

Mazoezi gani tena? Alfajiri natoka Kibirizi na ndoo ya dagaa kichwani, yeye bado yumo kwenye neti.

Kisha akachomoa karatasi ya fotokopi, imekaa upande: oti, brokoli, mafuta ya zeituni, salmoni mara mbili kwa wiki. Salmoni! Ziwa Tanganyika lile pale, dirishani kwake linaonekana, na mimi nimeuza samaki miaka ishirini. Nikamuuliza anauzwa wapi huyo. "Supamaketi." Hakuinua hata macho.

Haya, nisimwonee. Kupima anajua. Alinikalisha dakika tano nitulie, akapima mikono yote miwili, akarudia. Kwingine wanakufunga ule mpira ungali unahema. Na chumvi alinikataza isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, hilo simpingi. Ila hakuuliza chumvi yangu inatokea wapi. Ya mkebe naigusa kidogo tu. Yangu inaingia na samaki!

Aliyeliona ni nesi, dada mmoja mpole, alinifuata hadi nje. "Mama, migebuka wa chumvi waloweke usiku kucha, maji umwage, uweke mengine. Na mawese upime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa." Dakika moja tu, tumesimama juani, na hakunidai hata senti.

Juzi nimepima, 138 kwa 86. Sasa nimsifu nani? Mwanzoni nilikusudia kuwaambia msikanyage pale. Nafuta. Nendeni mkapimwe, ila mkitoka kwa daktari msikimbilie bodaboda, mtafuteni kwanza yule dada. Au basi, msiende mpaka huyo kijana ajifunze kufunga mlango! Sijui. Kila nikikumbuka lile benchi nasikia kisogo kinaanza tena.

Mwezi ujao ameniambia nirudi, na nitarudi. Nimeshamtenga mgebuka mmoja mkavu, mnene. Nitamlaza mezani kwake juu ya ile karatasi, anionyeshe yuko mstari wa ngapi.