Vidonge vya ini na chai ya tumbo: miezi tisa ya kujipima mwenyewe

Mama yangu ndiye aliyeiumbua ile chai. Alikuja kutoka Pangani mwezi wa tatu kunitembelea, akanikuta jikoni namimina kikombe cha usiku. Hata hakukaa. Akavuta harufu mara moja, akauliza: "Mwanangu, nani anaumwa tumbo humu ndani mpaka unachemsha sanamaki?"

Nikamwambia hii si sanamaki mama, ni chai ya kusafisha ini na kurahisisha mmeng'enyo, inatoka nje, boksi shilingi 35,000. Akachukua kifuko kimoja, akakipasua kwa ukucha, akamwaga majani kiganjani, akachagua kipande kimoja akakitafuna taratibu huku ananiangalia. "Sanamaki," akasema. "Na tangawizi kidogo, na kitu kingine cha kutia harufu." Tukawasha tochi ya simu, tukageuza boksi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kuliko ya gazeti, baada ya mizizi na maua yenye majina mazuri mazuri, imeandikwa Senna. Ndiyo hiyo hiyo.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Sanamaki ni haluli, dawa ya kufungua choo. Tulipokuwa wadogo tulinyweshwa baada ya sikukuu, tukashinda tunapishana chooni, mambo yakaisha siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nainywa kila usiku kwa wiki tano na kumsimulia kila mtu ofisini jinsi "sumu zinavyotoka".

Nirudi nyuma kidogo. Mwezi wa kwanza nilipimwa ultrasaundi kwa sababu ya maumivu ya ubavuni yaliyokuja kuonekana hayana uhusiano wowote na ini. Daktari akakuta mafuta kwenye ini, hatua ya kwanza. Kipimo cha damu cha ALT, ambacho hupanda ini likiumia, kikasoma 68, wakati maabara yangu inaandika mwisho 40. Nina miaka 43, nilikuwa na kilo 84, kazi yangu ya kukaa, soda mbili kwa siku na chapati asubuhi. Pombe sinywi. Daktari aliniambia nipunguze uzito, nipime homa ya ini B, nirudi baada ya miezi mitatu. Dawa hakuandika. Sasa wewe umeambiwa ini lina mafuta halafu unatoka hospitali mikono mitupu, utalala?

Sikulala. Jirani yangu anauza virutubisho kwa biashara ile ya mtandao, ya kuingiza watu chini yako. Nilipomweleza tu, jioni hiyo hiyo akaja na mfuko. "Shoga angu, hii ndiyo seti kamili ya ini na tumbo." Vitu vitatu: vidonge vya mmea uitwao Milk Thistle, kopo la vidonge 60 kwa 65,000, vidonge vya manjano vyenye pilipili manga, 55,000, na hiyo chai. Jumla 155,000 kwa mwezi, na punguzo la 5,000 kwa kuwa mimi ni jirani.

Kosa langu la kwanza, na ningependa mtu alisome kabla hajatoa hela yake, ni kuanza vyote vitatu siku moja. Likija zuri hujui la nani. Likija baya, ndiyo kabisa.

Wiki mbili za mwanzo nilijiona mwepesi. Tumbo limeshuka, choo kila asubuhi kama saa, gesi imepungua. Mizani ikashuka kilo moja na nusu. Nikamshukuru jirani. Leo najua kile kilikuwa ni choo na maji tu, kwa sababu siku tatu baada ya kuacha chai kilo zilirudi zote na choo kikagoma, kigumu kuliko kabla sijaanza. Hiyo ndiyo tabia ya sanamaki ukiizoea: utumbo unasubiri kuchokozwa ndipo ufanye kazi. Ni dawa ya siku chache kwa mtu aliyefunga choo. Ukiiendeleza wiki kwa wiki, kuharisha kule kunakupotezea maji na madini ya potasiamu, na mtu anayetumia dawa za presha au za moyo hapo anacheza na moto. Kwenye ini haina kazi yoyote. Chai nimeipa alama sifuri, si kwa sababu haifanyi kitu, bali kwa sababu inafanya kingine kabisa na kilichoandikwa mbele ya boksi.

Vidonge viwili niliendelea navyo. Mwezi wa nne nikaanza kuchoka, uchovu usio na maelezo. Nafika kazini nataka kulala. Chakula sikitamani, harufu ya mafuta ya kukaangia inanitoa jikoni. Nikamwambia jirani, naye jibu alikuwa nalo tayari: "Hiyo ni sumu inatoka shoga angu, mwili unajibu, usiache katikati." Nadhani hilo wanafundishwa kwenye semina zao. Ukipata nafuu, ni dawa. Ukizidiwa, ni dawa pia. Haipo siku ambayo kopo litakosea.

Bahati nzuri tarehe ya kurudi hospitali ilikuwa imefika. ALT: 214.

Daktari akaniuliza, "Mama, umeanza dawa gani mpya?" Nikajibu hakuna. Akaniuliza tena kwa namna nyingine: "Hakuna kitu chochote unachokunywa? Cha miti shamba, cha kupunguza mwili, cha kutoka kwa rafiki?" Nikasema, hivyo vipo, lakini hizo si dawa, ni lishe tu. Nilikuwa nayo makopo yote mawili ndani ya mkoba. Nikayaweka mezani. La Milk Thistle alilisoma akalisogeza pembeni. La manjano alilishika muda mrefu. Kurkumini asilimia 95, na piperini miligramu 10.

Alinieleza hivi, nami nafupisha. Manjano tunayotia kwenye pilau na mchuzi, sehemu kubwa inapita tu tumboni, mwili hauinyonyi vizuri. Ndiyo maana watengenezaji wanakamua kile kiini chake, kurkumini, wakakijaza kwenye kidonge, halafu wanaongeza piperini ya pilipili manga ili kiingie kwenye damu kwa wingi. Kiungo cha jikoni kinageuka kitu kingine. Watu wengi wanameza wasipate neno, lakini wapo wachache ambao ini lao linachukia, na wengine inaonekana wamezaliwa na kipande fulani cha vinasaba kinachowaweka kwenye hatari zaidi. Italia walipata wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2019, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Australia ikatoa tahadhari kuhusu vidonge hivyo. Hakuniapia kwamba ndicho kilichonipata mimi. Alisema acha vyote leo, tupime tena.

Siku hiyo hiyo akanituma kupima homa ya ini B, kile kipimo nilichokuwa nimekikimbia tangu mwezi wa kwanza, maana mtu anayetafuta kwa nini ini limechafuka hawezi kuruka hapo. Nilipata jibu sina. Nikaanza chanjo, sindano tatu ndani ya miezi sita. Kwa wasiojua: Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hii mwaka 2002. Sisi wa kabla ya hapo wengi hatuna kinga, na kirusi hiki kinaweza kukaa kwenye ini miaka na miaka bila kukuuma hata kidole. Ukitaka kutumia hela kwa ajili ya ini lako, kipimo hiki kwangu kilikuwa 10,000.

Mwezi wa sita ALT ilishuka hadi 66. Hamu ya kula ilisharudi zamani, wiki ya tatu tu baada ya kuacha.

Hapo ndipo ubishi wangu ulipoanza. Milk Thistle bado nilikuwa nayo, na lile kopo daktari hakulilaumu. Nikamuuliza kama naweza kulijaribu peke yake, bila kitu kingine, halafu tupime. Akasema kama hela inakuwasha, sawa, ila nirudi baada ya miezi miwili na nisiongeze kitu.

Mmea wenyewe si wa uongo. Ni wa miiba, ua la zambarau, majani yana michirizi myeupe kama maziwa yaliyomwagika. Asili yake nchi za Mediterania. Mbegu zake ndizo zinazotoa silimarini, na Ulaya hospitali huwadunga sindano ya kiini chake, silibinini, watu waliokula uyoga wa sumu ule wa Amanita phalloides. Kwa hiyo anayekwambia ni majani tu anakosea. Lakini kutoka kwenye sindano ya uyoga hadi kwenye kidonge cha mafuta ya ini ni safari ndefu. Mtoto wa kaka yangu anasomea ufamasia, ndiye aliyenitafutia: Marekani waliwapa silimarini watu 154 wenye homa ya ini C kwa wiki 24, wengine hadi miligramu 700 mara tatu kwa siku, na kundi jingine wakapewa vidonge vitupu. Matokeo yalitoka mwaka 2012. ALT za waliomeza silimarini hazikushuka kuliko za waliomeza vitupu.

"Na shangazi," akaniambia, "hata hilo kopo lako soma vizuri." Mbele limeandikwa miligramu 1000 kwa herufi kubwa. Nyuma unakuta hizo 1000 ni unga wa mbegu nzima, kiwango cha silimarini hakikutajwa popote. Makopo ya kueleweka huandika kwamba ni kamuo lenye silimarini asilimia 70 au 80, ili ujue unameza nini. Langu lingeweza kuwa na nyingi au chembe tu.

Nilimeza miezi miwili kamili, kimoja asubuhi kimoja jioni. Ladha hakuna, kiungulia hakuna, siku chache choo kilikuwa laini. Mwezi wa nane: 63. Kutoka 66 hadi 63 hata daktari alicheka. Nimekipa alama mbili kati ya tano, kwa sababu hakikunidhuru, na kwa sababu nilikuwa nataka sana kifanye kazi.

Sasa kilichofuata kinaniudhi hata kukiandika, maana niliambiwa bure mwezi wa kwanza. Niliacha soda. Si kupunguza, kuacha. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma. Chapati zikawa Jumapili. Nashuka kwenye daladala kituo kimoja kabla, natembea, dakika 25 hivi, asubuhi na jioni, isipokuwa siku za mvua maana barabara yetu mnaijua wenyewe. Na nimeanza kunywa kahawa chungu ya wazee wa pale kituoni, vikombe viwili vidogo bila kashata, baada ya daktari kuniambia wanywaji kahawa huonekana kuwa na maini yenye afya zaidi. Kashata ndiyo iliyoniuma kuiacha. Mwezi wa kumi nilikuwa na kilo 78, ALT 38.

Tumbo nalo? Kwa ile gesi nilipima yule bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, hakuwepo. Ilikuwa ni soda, kula saa nne usiku na kulala papo hapo. Nikila saa moja, nikatwanga tangawizi kipande cha kidole nikachemsha, inatosha. Tangawizi ya fungu la 500.

Kama wewe bado unataka kununua, na najua wapo watakaonunua, pima ALT kabla, anza kitu kimoja, soma nyuma ya kopo, na mwonyeshe daktari hasa ukiwa unatumia dawa za sukari, presha, kifua kikuu au ARV, kwa sababu nyingi ya hizo zinapitia ini hilo hilo. Ukiona uchovu, mwili kuwasha, mkojo kuwa mweusi au macho ya njano, acha siku hiyo hiyo, usimpigie muuzaji kumuomba ruhusa.

Na jirani bado tunasalimiana. Alinikasirikia kidogo niliposema sitaingia chini yake, akapoa. Juzi ameniletea kopo jipya la "kulinda figo", nilitazame tu bila malipo. Nililigeuza nyuma kwanza.

Mama naye aliporudi Pangani alinitumia kifungu cha sanamaki kwa basi, pamoja na ng'onda. Alinunua kwa shilingi 2,000, kinajaza mitungi miwili. Ng'onda wameisha. Sanamaki ipo kabatini, sijaigusa.