Fielder ya Nairobi Mpaka Arusha: Bei ya Yadi Siyo Bei ya Gari

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sipo gereji, nipo nyumbani hapa Sakina, Arusha, na gari hii iliyo nyuma yangu wengi wenu mmeiulizia tangu niliporusha picha yake ikiwa bado na namba za Kenya. Ni Toyota Corolla Fielder, injini 1NZ, cc 1496, ya mwaka 2014. Nimeinunua Nairobi, imevuka Namanga, na sasa, sogeza kamera hapa, ina kibao cha njano kinachoanza na T. Gari yenyewe nitaizungumzia, lakini tuanze na hela, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Huku kwetu kumezagaa maneno kwamba Nairobi magari ni bei chee. Ukisimama kwenye yadi za Ngong Road ukapiga hesabu ya kubadilisha shilingi zao kuwa za kwetu, kweli unaona nafuu. Sasa nisikilize vizuri. Ushuru ambao gari hiyo ililipiwa iliposhuka Mombasa ni wa Kenya, umebaki Kenya. Ukifika mpakani hakuna anayekuhesabia. Gari imetengenezwa Japani, kwa hiyo ile nafuu ya bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haiihusu. Unalipa upya, kama vile imeshushwa melini bandari ya Dar es Salaam.

Na TRA hawaanzi na risiti yako. Wana thamani zao. Kwenye tovuti yao kuna kikokotoo cha magari yaliyotumika: unajaza aina ya gari, modeli, mwaka, nchi inakotoka, mafuta na ukubwa wa injini, inakupa thamani na kodi yake. Fanya hivyo ukiwa umekaa sebuleni kwako, kabla hujapanda basi la Nairobi. Nawasihi sana.

Tuchukue mfano tu, namba rahisi. Tuseme thamani imetoka dola 4,000. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni dola 1,000, mmefika 5,000. Injini ikiwa kati ya cc 1000 na 2000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 ya hiyo 5,000, yaani 250. Halafu kinakuja kitu ambacho madalali hawakitaji: uchakavu. Gari ndogo ya kutembelea yenye miaka 8 hadi 10 inaongezewa asilimia 15 ya ile 5,000. Ikizidi miaka 10, asilimia 30. Juu ya jumla yote hiyo unaweka VAT asilimia 18. Gari ya miaka 7, kodi inakuja dola 2,195. Ya miaka 10, dola 3,080. Ya miaka 11, dola 3,965. Thamani ni 4,000 na kodi ni 3,965! Hapo sijagusa tozo ya reli, ada ya forodha, usajili, wala wakala. Na bajeti ikisomwa Juni, viwango vinaweza kubadilika kuanzia Julai 1, kwa hiyo hakiki kila mara.

Mmeona pale kati ya miaka 10 na 11? Ndipo ilipokuwa hadithi ya gari hii. Tangazo liliandika 2015. Mimi nikaingia kiti cha mbele, nikavuta mkanda mpaka mwisho. Njoo karibu, nivute tena mwone. Huku chini kabisa, karibu na unapofungwa, kuna lebo ndogo ya kitambaa. Soma: 2014. Namba ya chesisi ya gari za Japani, hii inaanza na NZE161, haikuambii mwaka kwa macho, lakini mkanda unakuambia, isipokuwa kama umebadilishwa. Nikaomba logbook, yaani kadi ya gari ya Kenya, nayo ikasema 2014. Kwa hesabu ya 2025, mwaka nilioinunua, tofauti hiyo ya mwaka mmoja kwenye mfano wetu ni dola 885. Muuzaji akasema ni makosa ya kuandika. Sikubishana naye, nilimwonyesha kikokotoo kwenye simu, akashusha bei. Bila ule mkanda ningeijulia Namanga, pesa ya watu ikiwa imeshalipwa.

Kuna wanaosema Kenya hawaruhusu mtumba uliozidi miaka 8, kwa hiyo za Nairobi ni mpya mpya. Sheria hiyo ipo, lakini ni umri wa gari wakati inaingia Kenya. Baada ya hapo imezeekea barabarani kwao. Foleni za Nairobi zimo ndani ya gia boksi hii.

Jambo la pili, na hili nalisema kwa uchungu. Kabla ya hii nilipenda Fielder nyingine, ya rangi ya fedha, safi kweli. Mwenye nayo alitaka nitume malipo ya awali jioni ileile, eti kuna mteja mwingine njiani. Wenzetu wa Kenya hukopa sana kwa kuweka logbook. Gari inaendelea kutembea, mtu anaisafisha anaiuza, lakini mkopeshaji ana haki juu yake. Rafiki yangu wa kule akaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, upande wa NTSA, mamlaka yao ya usafiri na usalama barabarani, akalipia ada ndogo kutafuta rekodi ya gari. Majibu yakaja na jina la mwenye gari, na chini yake jina la mkopeshaji. Nilikaa kimya pale mgahawani kama dakika tano. Hela ile ilikuwa ya kuuza ng'ombe wa mama yangu. Usitume hata shilingi mia kabla ya rekodi hiyo, na jina la anayepokea pesa liwe ndilo lililo kwenye logbook. Siyo la shemeji yake, siyo la dalali.

Namanga penyewe hapana shida kubwa. Tangu 2018 ni kituo cha pamoja, ukiwa unakuja huku unamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wetu. Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni mapema, mtumie nyaraka kabla, lipa kwa kontro namba tu. Ukiona mtu anakuambia ingiza kwa kibali cha muda, kodi utalipa baadaye, achana naye. Kibali hicho ni cha wageni wanaopita, na wewe mkazi wa Arusha ukikamatwa nacho gari inazuiwa.

Haya, gari sasa. Kutoka Namanga mpaka hapa ni kama kilomita 110, nikaipima vizuri. Tambarare ya Longido inateleza kama maji, kimya, haitikisiki. Kupanda kuelekea Oldonyo Sambu ndiyo nikasikia: gia, ambayo ni CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, ilikuwa inatetemeka kidogo nikikanyaga mafuta taratibu. Huku nyuma, ukikunja viti, unapakia magunia bila kugombana na mtu, na hilo ndilo lililonifanya nichague Fielder badala ya Axio, ndugu yake ya sedani. Ila iko chini. Aliyekuwa nayo aliweka spesa, vipande vya kuinulia, kwenye shokapu ili inyanyuke, jambo la kawaida Kenya, na hizo spesa zimemaliza linki za mbele mapema. Kwenye matuta pale Ngaramtoni inagonga: ko, ko. Linki nimebadilisha juzi.

Je, nilipata nafuu? Nikijumlisha kila kitu, nafuu niliyobaki nayo ukilinganisha na yadi za hapa Arusha ni ndogo mno. Nilichokipata ni kuiona, kuilalia chini, kuiendesha kabla ya kutoa hela, kitu ambacho ukiagiza Japani hukipati. Ningerudia leo, ningechukua yenye chini ya miaka 8 hata kama yadi wanaiuza ghali zaidi. Ninyi wa Moshi, mpaka wenu ni Holili, hesabu ni zilezile.

Na kuhusu ule mtetemo, tazameni kopo hili. Haya ni mafuta ya gia yaliyotoka leo asubuhi, meusi kama kahawa. Nimeweka CVT FE, mafuta ya Toyota ya gia za CVT, siyo ATF ya gia otomatiki za kawaida, fundi akikuwekea ATF kwenye gari hii anakuulia gia. Nimeizungusha mpaka Kisongo na kurudi. Mtetemo umepungua, haujaisha. Nitaendesha kilomita elfu moja, nimwage tena mbele yenu.