Paki modeli ya futi za mraba 400: uzuri wake na ubovu wake huanzia chini ya sakafu

Kwenye yadi za wauzaji wa Marekani, paki modeli, kijumba cha mapumziko chenye magurudumu, humpokea mteja kwa baraza, kabati za jiko zinazong'aa na kitanda kilichotandikwa. Vyote hivyo vinaweza kubadilishwa na fundi mmoja kwa wiki moja. Sehemu isiyobadilishika kirahisi iko chini, mahali ambapo mtu lazima alale chali na tochi mkononi. Tathmini hii inaihukumu bidhaa kuanzia huko. Tunayoizungumzia ni ile ya kawaida, upana wa futi 12 na urefu wa futi 33, yenye chumba kimoja, bafu, jiko na roshani ya kulala chini ya paa.

Kwanza ieleweke ni kitu gani kinauzwa. Kisheria hii si nyumba. Ni gari la mapumziko linalojengwa kwa ANSI A119.5, kiwango cha Marekani cha vyombo vya aina hii, juu ya chasisi moja yenye magurudumu, na eneo lake halipaswi kuzidi futi za mraba 400, yaani kama mita za mraba 37. Ndiyo maana vipimo vyake vinafanana toka kiwanda hadi kiwanda: 12 mara 33 ni 396, na hapo mchoraji anaishiwa nafasi. Roshani ambayo kimo chake hakifiki futi 5 haihesabiwi, kwa hiyo kila roshani utakayoiona inakulazimisha kutambaa. Usimlaumu mbunifu kwa hilo.

Kwa paki modeli inayozidi futi za mraba 320, kanuni ya HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, inadai pawe na tangazo jikoni mpaka mauzo yakamilike, likisema kwamba chombo hiki ni cha mapumziko na si makazi ya kudumu. Muuzaji akiwa amelibandua mapema, hilo peke yake linakueleza jambo juu yake. Tangazo hilo lina uzito wakati wa kutafuta mkopo, bima na kiwanja: sehemu nyingi zinaruhusu paki modeli kwenye kambi za mapumziko tu. Kanada wana kiwango chao, CSA Z241, kinachofika mita za mraba 50, kwa hiyo chombo cha huko kinaweza kukuvutia kwa ukubwa halafu kikakataliwa upande wa pili wa mpaka.

Sasa tushuke chini. Chasisi ni mihimili miwili ya chuma yenye umbo la I, iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na pembeni mikono inayobeba kingo za sakafu. Kiwandani mihimili hupindwa juu kidogo katikati makusudi, ili uzito wa nyumba ukishakaa inyooke. Mhimili wa inchi 10 au 12 unatuliza roho. Wa inchi 8 unatosha kwa nyumba nyepesi, lakini ukiuona chini ya paa zito na madirisha makubwa upande mmoja, uliza maswali. Kagua pia weldi za mikono ya pembeni. Weldi nzuri inaonekana kama shanga zilizopangana. Iliyorukaruka na kuacha mapengo itaanza kukatika barabarani, siyo kiwanjani. Kwa jumla, hii ndiyo sehemu ambayo viwanda huifanya vizuri, nayo tunaipa alama za juu bila kusita.

Sakafu ni habari nyingine. Mifupa yake ni mbao za inchi 2 kwa 6 zilizopangwa kila inchi 16, kati yake sufi ya kioo ya kuzuia baridi, mabomba ya maji na mifereji ya hewa moto, na chini kabisa turubai jeusi la plastiki iliyofumwa linalofunika tumbo lote. Juu hulazwa bodi. Hapa ndipo bei inapojificha. Bodi nzuri ni plaiwudi au OSB (bodi ya vipande vya mbao vilivyobanwa kwa gundi) ya robo tatu ya inchi, yenye kingo zinazoingiana kwa ulimi na mfereji, iliyogundishwa na kufungwa kwa skrubu. Bodi ya unga wa mbao ni ya kukataa papo hapo. Ikinywa maji huvimba kama mkate kwenye chai, na ikikauka hairudi. Mahali pa kujua ni tundu la mfereji wa hewa: inua kifuniko chake sakafuni, tazama ukingo uliokatwa. Matabaka yaliyolala kama kurasa ni plaiwudi, vipande vipana vilivyobanwa ni OSB, chembechembe kama pumba ni ile ya kukimbia. Ukaguzi huu unachukua sekunde kumi na hauhitaji ruhusa ya mtu.

Ukiwa hapo ingiza mkono ndani ya mfereji. Mara nyingi utatoka na vumbi la msumeno, vipande vya mbao, hata misumari. Hilo ni uchafu wa kawaida wa kiwandani. Lakini ukigusa mfereji umebonyezwa au kiungo kimeachana, basi hewa moto itakuwa inapasha joto turubai badala ya chumba cha kulala.

Turubai lenyewe ndilo kipengele dhaifu kuliko vyote, na lawama nyingi haziendi kiwandani. Kila fundi bomba anayekuja baadaye hulichana apate njia, kisha huliacha linaning'inia. Panya huingia, sufi hulowa na kudondoka, na bomba linabaki wazi kwa baridi. Mpasuko wowote uzibwe kwa kiraka cha turubai hilohilo na utepe wake maalumu. Utepe wa kawaida wa kijivu huachia baada ya msimu mmoja. Ukinunua iliyotumika, hesabu viraka. Vingi vilivyozibwa vizuri ni afadhali kuliko kimoja kilichoachwa wazi.

Zulia la plastiki hutandazwa sakafu nzima kabla kuta hazijasimama. Faida yake ni kwamba halina viungo. Hasara ni kwamba siku ya kulibadilisha utalazimika kulikata ukutani kote.

Kuta hujengwa zikiwa zimelala mezani, mbao za inchi 2 kwa 4 kila inchi 16, kisha husimamishwa na kufungwa sakafuni kwa misumari na mikanda ya chuma. Kenchi za paa hutengenezwa pembeni, viungo vyake vikibanwa kwa mabati ya meno, na paa zima hupandishwa kwa winchi. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: paa limepigiwa hesabu ya kubeba uzito gani? Paundi 20 kwa futi ya mraba, takribani kilo 98 kwa mita ya mraba, ni paa la kusini kusikojua theluji. Kwenye theluji nzito utataka 40 au zaidi. Namba hiyo huwa kwenye hati, haibuniwi kwa mdomo. Dari la mteremko linapendeza, lakini lazima pabaki walau inchi moja ya njia ya hewa kati ya sufi na bodi ya paa. Likishindiliwa sufi mpaka juu, mvuke wa jikoni na bafuni hugandia kwenye bodi, na mwenye nyumba atafikiri paa linavuja.

Ndani, usidharau kuta za mbao nyembamba zenye vinyl na vibanzi vya kufunika viungo. Nyumba hii itasafiri barabarani ikitikisika saa nyingi, na bodi za jipsamu zilizopigwa lipu hufika zikiwa na nyufa juu ya milango na pembe za madirisha. Nyufa hizo si dalili ya nyumba mbovu, ila mtu anapaswa kuzirekebisha, na mkataba useme ni nani. Kwa kuwa upana unapita futi 8 na nusu, usafirishaji unahitaji kibali cha mzigo mpana kwa kila jimbo linalopitiwa. Bei ya nyumba isiyotaja usafirishaji na upangaji ni nusu ya bei.

Umeme ni wa ampea 50, volti 120 na 240, waya nne. Kabla ya kutoka kiwandani waya hupimwa kwa volti 900 kwa dakika moja, au 1,080 kwa sekunde moja, kuona kama kuna skrubu iliyotoboa waya mahali. Kipimo hicho kinaaminika. Hatari huja kiwanjani. Kwenye kisanduku cha breka cha paki modeli, waya wa nyutro (unaorudisha umeme) na wa ardhi (wa usalama) hutengana. Huunganishwa kwenye chanzo cha umeme, nje. Fundi aliyezoea nyumba za kawaida huviunganisha ndani kwa mazoea. Taa zitawaka na kila kitu kitaonekana sawa, lakini sehemu ya umeme wa kurudi itapita kwenye chasisi. Siku waya wa nyutro ukilegea, mtu anayeshika mlango wa chuma huku amesimama kwenye nyasi zenye maji atapigwa shoti. Fungua kisanduku, au mwite fundi akifungue, kabla ya kulala humo usiku wa kwanza.

Mabomba ya maji safi ni PEX, yaani ya plastiki inayopindika, na hayana kesi kubwa. Maji machafu ndiyo yenye kesi. Bomba kuu la inchi 3 linatakiwa kushuka robo inchi kwa kila futi, likishikwa kwa mikanda kila futi 4. Sehemu iliyo chini ya turubai mara nyingi hufungwa kiwanjani, na mikanda ndiyo inayosahaulika. Weka pima maji juu ya bomba katikati ya mikanda miwili. Kipovu kikionyesha limelegea na kufanya tumbo, choo kitaziba hapohapo kila mara, na hakuna dawa ya kuzibua itakayosaidia.

Upangaji kiwanjani ni nusu ya ujenzi, ingawa hautajwi kwenye kipeperushi. Nguzo za matofali ya saruji ya inchi 8 kwa 8 kwa 16 husimama chini ya mihimili, kwa kawaida kila futi 6 hadi 8 kadiri mwongozo wa kiwanda unavyosema, juu ya misingi isiyozama, na kabari za mbao ngumu kati ya tofali na chuma. Mikanda ya nanga hukaza chasisi ardhini dhidi ya upepo. Udongo ufunikwe plastiki ya milimita 0.15 kabla ya sketi, yaani ukuta mwepesi unaofunika nafasi ya chini ya nyumba, kuzungushwa, na sketi iwe na matundu ya hewa: kipimo cha kawaida ni futi moja ya mraba kwa kila futi 150 za sakafu, kwa hiyo kwa nyumba hii ni karibu futi 2 na theluthi mbili. Bomba la mashine ya kukaushia nguo litoke nje ya sketi. Likiishia chini ya nyumba, linamwaga mvuke na nyuzi kwenye tumbo lilelile la turubai, na ukungu utaanza kabla msimu haujaisha.

Baada ya baridi ya kwanza, nguzo moja au mbili hushuka kidogo. Mlango wa bafu ukianza kukwaruza fremu kwenye pembe ya juu, usichukue randa. Pita chini na pima maji, tafuta nguzo ambayo kabari yake inacheza kwa kidole, inua mhimili kwa jeki kiasi cha upana wa penseli, kaza kabari upya. Kisha panda juu ufunge mlango.